Uso wa Kadzo Kwenye Boksi

Boksi lilikuwa zuri. Tukubaliane hapo mapema, kabla hatujaanza kutapika. Lilikuwa la manjano ya kiini cha yai, kona zake zikikunjika sawasawa, kifuniko kikiingia bila kusukumwa, na mbele kulikuwa na mtoto wa kike mwenye mashavu yaliyoumuka kama mahamri, kashika kijiko, anacheka. Ubavuni maandishi ya duara yalieleza kuwa unga huu wa uji ni wa nafaka teule, mahindi, wimbi na soya, zilizochambuliwa na kusagwa kwa mapenzi ya mama. Mapenzi hayo tutayaona. Kilichouza ni mtoto.

Mtoto mwenyewe aliitwa Kadzo, na wakati watu wa mji wakimtazama kwenye rafu za maduka, yeye alikuwa juu ghorofani, mtaani Kibokoni, akitafuna kandambili ya babake. Baba huyo, Tsofa, ndiye aliyelichora boksi. Kazi yake ilikuwa hiyo: maboksi ya sabuni, ya udi, ya visheti, ya dawa ya mende, yote akiyachora kwenye kompyuta iliyokaa pembeni mwa chumba walicholala yeye, mkewe Wanza na huyo mtafuna viatu.

Alifikaje mtoto kwenye boksi? Kwa uvivu kidogo, na kwa desturi ya kazi. Boksi likiwa kwenye kompyuta hulala chali, limewambwa kama ngozi ya mbuzi: pande nne, vifuniko juu na chini, na ulimi mwembamba wa kupakwa gundi. Mwenye bidhaa ukimwonyesha mchoro huo kwenye kioo atakuuliza mbona maandishi mengine yamesimama kwa kichwa. Kwa hiyo Tsofa hakuwa akimwonyesha mtu kioo. Alichapa, akakata kwa wembe, akakunja, akagundisha, akampelekea mtu boksi la kushika mkononi. Picha ambayo hajaipata bado, aliweka yoyote ya kushikilia mahali. Safari hii aliweka ya mwanawe kwa sababu ilikuwa kwenye simu. Katika picha ile ya asili Kadzo alikuwa na kamasi mpaka mdomoni na bakuli la boga mbele yake. Tsofa akampangusa kamasi kwa programu, akamng'arisha macho, akaligeuza boga rangi likawa uji. Hakuna kitambaa kilicholowa.

Mwenye unga, Mzee Chirau, alilizungusha boksi lile mkononi muda mrefu kisha akasema huyu huyu. Tsofa alimweleza kuwa picha ile ni ya kushikilia tu. Mzee akamjibu kuwa iliyoshikilia vizuri haiachishwi kazi. Akamlipa bila kumzungusha, jambo ambalo lingemtia mtu mwenye akili wasiwasi, akamwongezea boksi la kwanza lililotoka kiwandani, limejazwa na kufungwa, akampelekee mama mtoto.

Wanza alicheka mpaka akajiziba uso kwa leso. Boksi akaliweka juu ya kabati, karibu na picha ya harusi, na likakaa hapo kama kikombe cha ushindi.

*

Kwa majuma machache nyumba ile ilikuwa na heshima isiyo na kodi. Wauza kahawa walimwita Tsofa baba wa nyota. Wanawake waliomjua Wanza kwa kushona sare za shule tu, sasa walisimama katikati ya kichochoro kumshika Kadzo kidevu na kumlinganisha na boksi. Walinunua unga ule kama wanavyonunua samaki kwa mtu wanayemjua, kwa kuamini kuwa mtu huyo hawezi kukuuzia cha kunuka kisha mkutane kesho.

Chini yao aliishi Bi Zuwena, mwanamke wa makamo aliyemlea mjukuu wake Jamaldin, mama wa mtoto akiwa kazini. Jamaldin alikuwa mwembamba, mchaguzi wa chakula, na bibiye alikuwa hoi. Siku moja alimsimamisha Wanza pale kwenye ngazi, boksi mkononi.

"Mama Kadzo, ndio huu umpao mwanao? Mashavu yote yale?"

Wanza angeweza kusema hapana. Kadzo alikuwa akila uji wa wimbi, ambao mama yake Wanza aliuchambua mwenyewe kule kwao Mwingi na kuutuma kwa basi ndani ya ndoo. Lakini kusema hapana mbele ya uso wa mwanao unaocheka ni kazi ngumu, tena mtu kashakusifu.

"Ndio, Bi Zuwena," akasema. "Huo huo."

*

Jamaldin alianza kuharisha Jumapili. Kufikia Jumanne alikuwa amelazwa, dripu mguuni kwa sababu mikononi mishipa haikuonekana. Wanza alitaka kwenda kumwona, akapika na chakula kabisa, lakini kabla hajafunga chombo akasikia mtu akipanda ngazi kwa kupumzika kila kipandio. Bi Zuwena hakuwa amepanda ngazi zile tangu goti lake lianze kumsumbua.

Aliingia, akasalimu kama ilivyo ada, akauliza hali ya Kadzo, akajibiwa, akamshukuru Mungu. Adabu ya Kibokoni haina mchezo. Mtu atakuulizia wazima wako kabla hajakwambia wewe ndiye uliyemlaza mgonjwa wake. Kisha akatoa boksi ndani ya buibui, akaliweka mkekani, akaketi.

"Nifungulie lako," akamwambia Wanza.

"Langu lipi, Bi Zuwena?"

"La Kadzo. Huo umpao. Nataka kuangalia kama ni wangu tu ulioharibika ama ni wote."

Katika nyumba ya chumba kimoja hakuna mahali pa kwenda kutafuta kitu kwa muda mrefu. Wanza alisimama, akanyoosha mkono juu ya kabati, akaliteremsha boksi. Vumbi lilikuwa limetanda juu ya kifuniko. Gundi ya kiwandani ilikuwa pale pale, haijaguswa. Bi Zuwena aliitazama gundi ile, akaipitishia kidole chake kutoka mwanzo hadi mwisho, taratibu, kama mtu anayesoma.

"Ulinambia wampa," akasema.

Tsofa, kwenye kiti chake cha kompyuta, aligeuka ukutani kama aliyeitwa na mtu.

Bi Zuwena mwenyewe ndiye aliyelichana. Kwanza ilitoka harufu, ile ya gunia lililolowa likakaushwa likalowa tena, na chini yake harufu nyingine, nzito, ya panya aliyekufa mahali usipofikia. Kisha unga. Ulimwagika kwenye sinia kwa madonge, yameshikana kwa utando kama wa buibui, na ndani ya utando fukusi walikuwa wakitembea bila haraka, wenyeji kabisa. Kulikuwa na uzi wa gunia. Kulikuwa na vitu vyeusi vyembamba, vina ncha, ambavyo Wanza alivijua tangu utotoni na ambavyo mtu havitaji chakula kikiwapo. Kadzo alitambaa, akatia kidole kwenye sinia, akakielekeza mdomoni. Mama yake alimpiga mkono kofi ambalo hajawahi kumpiga.

Bi Zuwena alisimama kwa kushika ukuta. Alisema kuwa chakula walichopika wasikipeleke hospitali. Akashuka ngazi upande upande, mguu mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyethubutu kumshika mkono.

*

Ghala la Mzee Chirau lilikuwa Mbaraki, karibu na bandari, nyuma ya maghala mengine, mahali ambapo malori hugeuzia. Kabla ya hapo Tsofa hakuwa amefika. Mchora boksi haitwi kuona kinachoingia ndani. Alipokelewa na Ogutu, msimamizi, mtu wa bara, mcheshi, ambaye alimpa mkono kwa furaha ya kweli kwa sababu hakuna msanii aliyewahi kumtembelea. Alimtembeza.

Mahindi yalikuwa yameanikwa nje juu ya turubai. Ogutu alimweleza kama mtu anayeeleza njia ya kwenda posta. Magunia hupasuka yakipakuliwa. Yanayomwagika hufagiliwa, na ufagio hauchagui: hufagia mahindi, mchanga, mafuta ya lori na kilichokojolewa na wapakuzi usiku. Mzee hununua hayo yaliyofagiliwa. Yaliyolowa maji ya chumvi huanikwa hapa. Kunguru walikuwa juu ya turubai wakila na kunya, na paka mmoja alikuwa amelala katikati, ameshiba. Ndani kinu kilikuwa kinasaga, na kando ya kinu, juu ya mbao safi zilizofunikwa kwa plastiki ili zisipate unyevu, yalikuwa maboksi ya Tsofa, yamepangwa, yanang'aa. Humo ghalani mote hicho ndicho kitu pekee kilichofunikwa.

"Na wimbi? Na soya?" Tsofa aliuliza.

Ogutu alicheka mpaka akashika mbavu. "Hiyo si wewe ndiye uliyeandika?" Alipoona mwenzake hacheki, akamshika bega. "Ndugu yangu, zamani tulikuwa tunatia kwenye mifuko ya nailoni, hakuna aliyegusa. Boksi lako ndilo lililouza. Usinikasirikie. Mimi mwenyewe watoto wangu wako shags, kule kijijini, wanakula mihogo."

Mzee Chirau alikuwa ofisini, baridi ya mashine ikivuma. Hakumwambia Tsofa aketi. Tsofa alisema yote akiwa wima, mikono nyuma, kama mwanafunzi: Jamaldin, hospitali, fukusi, vitu vyeusi. Mzee alimsikiliza kwa huruma. Alisema kuwa uji huchemshwa, na kidudu kinachoishi ndani ya maji ya moto hajakiona. Alisema kuwa watoto wa mji huharisha kwa maji ya visima vyao, kisha mzazi akatafuta wa kumlaumu. Akauliza, bila ukali, kama Tsofa alikuwa anachora boksi ama anachora unga.

"Basi mtoe mwanangu," Tsofa akasema. "Hilo tu, mzee. Mwanangu mtoe."

"Mwanao?" Mzee Chirau alionekana kama mtu aliyeombwa maji ya kunywa. "Kwani hilo ni neno? Tunachapa mengine mwezi ujao. Mtoe. Niletee mtoto mwingine."

*

Tsofa alijaribu na kwa wakubwa, tusije tukasema hakujaribu. Kwenye ofisi ya ukaguzi wa vyakula aliyoelekezwa, afisa alilipokea boksi, akalisifu, akauliza aliyelichora ni nani. Tsofa akasema ni yeye. Aliyeandika kuwa nafaka ni teule? Yeye. Mtoto? Wake. Afisa aliweka kalamu chini, akamshauri kama ndugu, arudi nyumbani afikirie vizuri ni nani anayetaka kumshtaki.

Basi akarudi nyumbani, akafungua kompyuta, akaanza kutafuta mtoto mwingine.

Kumtoa Kadzo ilikuwa rahisi ajabu. Aliigusa picha, akaifuta, na mbele ya boksi pakabaki shimo jeupe lenye umbo la mwanawe, kijiko na vyote. Akafungua picha zilizokuwa kwenye simu. Watoto wa kanisani siku ya Krismasi. Mtoto wa fundi wa chapa. Mtoto wa dada yake Wanza, amekalishwa kwenye beseni, anameremeta mafuta. Alimwingiza huyo kwenye shimo kupima tu, na akaenea. Wanza alikuwa amesimama nyuma yake na Kadzo kiunoni.

"Huyo ni Mutanu," akasema.

"Napima."

"Unapima nini?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Yule wa kwanza pia ulikuwa unapima."

Alimwambia mengi zaidi, na hakuyasema kwa kelele. Kuwa hata yeye ni mchafu, maana alimdanganya Bi Zuwena kwa mdomo wake, na usiku akimnyonyesha mtoto hujinusa mikono. Lakini mume wake alikuwa amefika ghalani, akaona kwa macho, na bado yuko kwenye kiti akitafuta shavu. Akasema kuwa akimwona tena akimgusa mtoto wa dada yake kwenye kioo kile, yeye na Kadzo watalala Mwingi.

Tsofa alimfuta Mutanu. Shimo likarudi. Alilitazama mpaka Wanza akaenda kulala. Ndipo alipofungua ujumbe wa Mzee Chirau ili amwandikie kuwa hawezi, na kwenye kile kiduara kidogo cha juu, pale mtu anapoweka picha ya kujitambulisha, akamwona mtoto wa kiume mnene, kavaa joho la kufuzu shule ya chekechea, kofia imemfunika nyusi. Mjukuu wa Mzee Chirau. Mashavu hayo yalikuwa yamelelewa Kizingo, mtaa wa matajiri. Yangeweza kuuza hata mchanga.

Aliifanya kazi ile kwa uangalifu kuliko kazi yoyote aliyowahi kufanya. Akamvua joho, akamvika fulana, akamtia kijiko mkononi. Akachapa, akakata, akakunja, akagundisha. Kwa mkono wake akalijaza unga uliobaki kwenye sinia, akalifunga.

*

Ijumaa baada ya swala ndiyo saa ya kumkuta Mzee Chirau nyumbani. Tsofa alienda Kizingo kwa miguu, na askari wa getini akamsimamisha juani hadi alipoitwa. Sebuleni kulikuwa na wageni, sinia za biriani zimekwisha kuliwa nusu, na mjukuu mwenyewe alikuwa chini ya meza akivuta kitambaa. Mzee alimtambulisha kwa moyo mkunjufu: huyu ndiye kijana wangu wa michoro, mkono wa dhahabu. Wageni wakaitikia. Tsofa akasema ameleta sampuli, akampa.

Aliyeliona kwanza ni mkwe wa mzee, mama wa mtoto, aliyekuwa akipita na jagi la maji. Akalitazama, akatabasamu.

"Babu, huyu si mwanangu?"

Mzee Chirau aliligeuza boksi. Tsofa alisema, kwa heshima, kuwa mzee aliagiza mtoto mwingine, naye hakupata mwenye afya kumshinda huyu. Unga umo, ukitaka waweza kumpikia sasa hivi.

Mzee alisimama ghafla, goti likagonga meza, mchuzi ukamwagikia mkeka.

"Nani kakwambia umtie mjukuu wangu kwenye uchafu huu?"

Shangazi mmoja mtu mzima aliacha kutafuna. Mkwe bado alikuwa na jagi mkononi.

"Uchafu upi, mzee?" Tsofa akauliza.

Mkwe alilichukua boksi mkononi mwa mkwewe, akalifungua kidogo tu, pembeni, akainusa ile harufu, na uso wake ukakunjamana kama ule wa Wanza mbele ya sinia. Akalifunga tena. Akamtazama baba mkwe wake, akawatazama wageni, akatazama nyumba, mapazia, kiyoyozi. Kisha akamvuta mwanawe kutoka chini ya meza, akaenda naye chumbani, akaufunga mlango polepole. Wageni wakajitia hawakusikia kitu. Mmoja wao aliomba limau. Tsofa alisindikizwa na askari mpaka getini, na sampuli yake ikatupwa nyuma yake, ikapasukia barabarani.

Maboksi mapya yalitoka mwezi uliofuata, yamechorwa na mtu mwingine. Hayana mtoto. Yana daktari mwenye koti jeupe, ambaye hana mama wa kumlalamikia. Lakini ya zamani yalikuwa hayajaisha, na mfanyabiashara hatupi boksi zima. Yaliteremshwa bei, yakasambazwa maduka ya ndani ndani.

*

Jamaldin alirudi nyumbani shingo imekuwa kama kijiti. Bi Zuwena anajibu salamu za Wanza, neno kwa neno, wala hapunguzi. Lakini hamwiti tena Mama Kadzo. Anamwita jirani.

Juzi Wanza alikwenda dukani kununua sukari, Kadzo kiunoni. Pale kwenye meza ya duka alikuwapo mwanamke asiyemjua, na kitoto kichanga kimefungwa kwa leso kifuani, boksi la manjano mkononi. Mwanamke alimtazama Kadzo, akalitazama boksi, akamtazama tena.

"Dada, samahani. Huyu siye?"

"Ndiye."

"Mashallah. Wangu hanenepi kabisa. Ndio nachukua huu, nimeambiwa."

Wanza aliliweka kando suala la aibu, safari hii. Alimwambia kuwa mtoto huyu hajala unga huo hata siku moja. Kuwa una fukusi na mavi ya panya. Kuwa umemlaza mtoto wa jirani yake hospitali. Alisema yote hayo kwa mpango, na mwanamke alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kama hauli, mbona yuko hapa?"

"Babake ndiye aliyechora."

"Basi babake ni muongo?"

"Ndio," Wanza akasema.

Mwenye duka, aliyekuwa akipima sukari, hakuinua uso. Alimwambia yule mteja asijali, anayeleta mzigo kashamweleza: hawa waligombana na mwenye unga, walitaka waongezwe pesa za picha wakanyimwa, sasa wanaharibu.

Mwanamke alimtazama Wanza toka kichwani hadi miguuni, bila chuki, kwa masikitiko zaidi. Kisha akamtazama Kadzo, na Kadzo, ambaye hajui kununa mbele ya watu, akamchekea kwa ufizi na meno yote aliyojaliwa. Mashavu yalikuwa yale yale.

"Wako keshanawiri," mwanamke akasema. "Waache na wa wenzio wanawiri."

Akalipa. Akalitia boksi kwenye mfuko, akakaza leso kifuani, na kabla hajaondoka akanyoosha vidole viwili akamminya Kadzo shavu, mara mbili, kama mtu anayechagua nyanya.